Jadi ya Nani? Hoja Juu ya Nyimbo za Noeli

Yapo maneno ambayo wachuuzi huyaazima kwa wazee wetu na wasiyarudishe. Moja katika hayo ni neno jadi. Kila mwaka, mvua za kwanza zikiisha kulituliza vumbi la Tabora na maembe yakianza kuiva, husikika madukani, katika mabasi na katika redio nyimbo ambazo hutangazwa kwa jina la "nyimbo za Krismasi za jadi". Waimbaji wetu mashuhuri nao, mmoja baada ya mwingine, hutamani kutoa albamu ya nyimbo hizo hizo, kana kwamba mwimbaji hakukamilika maadam hajazipitisha kooni mwake. Hakuna aulizaye jadi hiyo ni ya nani, ilianza lini, na ilifikaje kuitwa jadi. Mimi nauliza.

Jambo lenyewe lina wagomvi wa pande mbili, na kabla ya kwenda mbele yafaa msomaji ajue kwamba mimi sina kiti katika upande wowote. Wako wasemao kwamba kila wimbo wa kigeni ni sumu, na ufutwe kanisani. Maneno hayo kwa mtu wa Tabora hayana maana, kwa kuwa mji wenyewe ulikua kwa sababu ya watu waliotoka mbali wakakutana na wenyeji njiani; ukiondoa kilichokuja kwa miguu kutoka pwani na kutoka Manyema, hubakiwi na mji. Wako tena wasemao kwamba muziki hauna lugha, na wimbo wa dini hauna kabila, basi uachwe kama ulivyo. Hayo ni matamu kwa hotuba, walakini hayawezi kusimama mbele ya silabi saba za Kiswahili, kama nitakavyoonyesha. Dai langu ni jingine. Nasema kwamba waumini wetu walikwisha kuanza kuzifanya nyimbo hizi zao, na albamu ya mwimbaji mashuhuri huja ikazirudisha zilikotoka. Tena kazi hiyo ya kurudisha nyuma hulipiwa kwa mkazo wa lugha yetu na kwa jasho la watungaji walio hai, ambao majina yao hayatajwi.

Tuanze na sahani moja ya santuri, ambayo yamkini ndiyo iliyopendwa kuliko zote katika nchi zetu. Mwaka 1963 Jim Reeves, mwimbaji wa Kimarekani wa muziki wa kantri, alitoa sahani iitwayo Twelve Songs of Christmas. Mwaka uliofuata alikufa katika ajali ya ndege, lakini sauti yake haikufa Afrika Mashariki. Wapo wazee ambao Noeli bila sauti ile nzito na ya upole kwao ni sawa na pilau bila bizari, nami siwalaumu, maana mtu yule alijua kuimba. Lakini hebu tuzikague nyimbo zake kumi na mbili kwa umri, kama karani akaguavyo mizigo ya forodhani.

Jingle Bells ilichapishwa Marekani mwaka 1857 na James Lord Pierpont. Ni wimbo wa vijana wanaoshindana kukimbiza magari yasiyo na magurudumu yavutwayo na farasi juu ya theluji, na haimtaji Kristo wala Noeli hata mara moja. White Christmas ni wimbo wa sinema wa mwaka 1942, kazi ya Irving Berlin, Myahudi aliyezaliwa katika dola ya Urusi. Blue Christmas ni wa mwaka 1948, nao ni kilio cha mtu aliyeachwa na mpenzi wake. Silver Bells ni wa mwaka 1950, na habari yake ni kengele katika njia za mji mkubwa. Mmoja ni polka, mmoja hutaja herufi za neno la Kiingereza moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, na mmoja humwamkia Santa Claus kwa namna ya Wameksiko. Kwa jumla nane katika kumi na mbili ni bidhaa zilizotungwa kwa soko la burudani. Wa tisa ni Mary's Little Boy Child, wa mwaka 1956, ambao nitaurudia kwa heshima unayostahili. Zinabaki tatu tu za kanisa: Adeste fideles, Stille Nacht, na ule wa mji mdogo wa Bethlehemu ulioandikwa na padre wa Kimarekani, Phillips Brooks, mwaka 1868. Hiyo ndiyo jadi: tatu katika kumi na mbili.

Hata zile za kanisa zenyewe, ukizikagua, ni vitambaa vilivyoshonwa pamoja na mafundi wasiojuana. Maneno ya wimbo wa malaika ambao Waingereza huuita Hark! The Herald Angels Sing yalitungwa na Charles Wesley mwaka 1739. Mahadhi yake ni ya Mendelssohn, ya mwaka 1840, naye hakuyatungia wimbo huo. Aliyeviunganisha ni mpiga kinanda mmoja wa Kiingereza mwaka 1855, wakati watungaji wote wawili walikuwa kaburini. Joy to the World ni maneno ya Isaac Watts ya mwaka 1719 yaliyovikwa mahadhi huko Marekani mwaka 1839. Sisemi hivyo kwa dharau. Nasema kwamba Wazungu wenyewe, kila walipoona maneno mazuri yana mahadhi mabaya, hawakusita kukata na kushona upya. Sisi ndio tuliofundishwa kwamba nguo hiyo haiguswi kwa mkasi.

Na Stille Nacht, ambao wengi hudhani umeshuka pamoja na malaika wenyewe? Maneno yake ni ya Joseph Mohr, padre msaidizi wa kijijini, aliyeyaandika mwaka 1816. Mahadhi ni ya Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule. Uliimbwa mara ya kwanza katika Oberndorf, karibu na Salzburg, mkesha wa Noeli wa mwaka 1818, na chombo kilichotumika kilikuwa gitaa. Padre wa kijiji, mwalimu wa shule, na gitaa! Watu wa aina hiyo hawakosekani Sikonge, Urambo wala Ndala. Ajabu ni kwamba mwaka huo 1818, Wanyamwezi walikuwa tayari wamekwisha kuizoea njia ya pwani. Misafara yao ya pembe za ndovu ilianza kufika baharini yapata mwaka 1800. Basi wimbo wa mpagazi wa Unyamwezi na wimbo wa Oberndorf ni rika moja, kama haikuwa wa mpagazi ndio kaka. Mmoja umeitwa jadi ya ulimwengu mzima, na wa pili ukaitwa kelele za wabeba mizigo.

Burton aliingia Kazeh, yaani Tabora ya siku zile, tarehe 7 Novemba 1857, mwaka ule ule uliochapishwa wimbo wa kengele za farasi. Hakuwa mpole katika kuwaeleza watu wetu, lakini alimwona kirangozi akitangulia msafara kwa joho lake jekundu, na alizisikia ngoma na mbiu, na wapagazi wakiitikia. Huo ndio muundo ambao nataka msomaji aukumbuke: mmoja hutoa, wengi hupokea. Atoaye hana ubeti uliofungwa. Huongeza neno, hupunguza neno, humtaja aliyechoka, humsifu mwenye mzigo mzito, huitania nchi wanayoipita. Waitikiao hushika kiitikio kifupi kilicho sawa na hatua za miguu. Wimbo wa namna hiyo hauwezi kukosana na lugha, kwa sababu huzaliwa ndani yake kila siku.

Sasa nafika kwenye silabi, nami naomba subira ya wale wasiopenda mambo ya darasani. Kila mwanafunzi wa Kiswahili ajua kwamba mkazo wa neno letu hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Hili si pambo. Tazama neno barabara: ukiukaza mkazo mahali pake pa kawaida, bara-BA-ra, wapata njia kuu, kama ile itokayo Bagamoyo kupita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe na Ujiji, ukiusogeza nyuma, ba-RA-bara, wapata kitu kilicho sawasawa kabisa. Herufi ni zile zile, na mkazo ndio umegeuza maana. Maneno ya namna hiyo ni machache, kweli, lakini sikio la Mswahili huhesabu mkazo katika kila neno, na likikosewa huumia hata kama maana haikupotea.

Kiingereza na Kijerumani vina maneno mengi ya silabi moja yenye mkazo, kwa hiyo mashairi yao hupenda kufunga mstari kwa kishindo. Nacht ni neno la silabi moja. Mahadhi ya Gruber hulipokea kwa noti nzito. Weka mahali pa maneno yale mawili ya Kijerumani neno letu usiku: silabi ni tatu kwa tatu, na mtafsiri hufurahi. Kumbe silabi nzito ni ya kwanza na ya tatu, na mwimbaji hulazimika kusema u-si-KU, jambo ambalo hakuna mama yeyote amwambiaye mtoto wake.

Au chukua mahadhi ya Mendelssohn niliyoyataja. Kila mstari ni silabi saba, na uzito uko katika ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Natunga mstari wangu mwenyewe wa silabi saba, usiotoka katika kitabu chochote: Wapagazi walala. Usemapo, mkazo ni wapa-GA-zi wa-LA-la. Uimbapo kwa mahadhi yale, ni WA-pa-GA-zi WA-la-LA. Mpagazi wa watu hata usingizi wake umekwenda mrama. Na hivyo ndivyo ilivyo katika kila mstari wa silabi saba, toka wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kuwa lugha yetu haina silabi nzito ya kuufunga. Lakini ongeza silabi moja tu: Wapagazi wamelala. Sasa ni WA-pa-GA-zi WA-me-LA-la, na kila kitu kimekaa mahali pake. Silabi nane! Ni nini hicho kama si mizani ya utenzi, ambayo wazee wa pwani waliichagua zamani kabla mtu yeyote hajatuletea kitabu cha nyimbo?

Kwa ajili hiyo hiyo Adeste fideles haitutesi sana. Kilatini, kama Kiswahili, hakiweki mkazo mwishoni mwa neno la silabi nyingi, na mahadhi ya wimbo ule mara nyingi hutua polepole kama atuaye mzigo bila kuutupa. Basi si ugeni wa wimbo unaotuumiza. Wimbo wa kigeni wenye mwisho mwepesi hutukaa. Wenye mwisho mzito hutubana, na fundi mwenye sikio hujua wapi pa kuongeza noti moja. Kwa Kinyamwezi hali ni ngumu zaidi, kwa sababu lugha hiyo hutumia kupanda na kushuka kwa sauti kutofautisha maneno, na mahadhi yaliyotungwa Ulaya hupanda pale ambapo neno lataka kushuka. Padre Stephen Mbunga wa Peramiho alikwisha kuandika juu ya muziki wa Kibantu na sheria za Kanisa mwaka 1963, mwaka ule ule wa sahani ya Jim Reeves, na Mtaguso wa Vatikano katika Desemba ya mwaka huo ulitaka muziki wa watu wenyewe upewe nafasi katika ibada. Sahani ilisikilizwa kuliko wote wawili.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa: bibi aliyeko Ipuli ameimba nyimbo hizi kwa Kiswahili miaka sitini, amezikiwa wazazi kwazo, amebatizwa watoto kwazo, wewe ni nani hata umwambie kwamba si zake? Hilo ni jibu lenye nguvu kuliko mengine yote, na ndilo linalonipa ushahidi. Msikilizeni bibi huyo vizuri. Haimbi kama kitabu kilivyoandika. Ameuchelewesha wimbo, amezivuta noti zilizombana, ameingiza noti ndogo pale silabi ilipokosa mahali, ameteremsha mwisho wa mstari uliotaka kupaa, na jirani yake amempa sauti ya pili isiyojulikana Salzburg. Kisha hufuata kigelegele. Mahali palipokuwa na u-si-KU, amepata njia ya kurudi kwenye u-SI-ku, wala hakufundishwa na profesa. Huo ndio ufundi wa kirangozi, ukiendelea kimyakimya ndani ya kanisa. Ndiyo, wimbo ule umekuwa wake, kwa sababu ameufanyia kazi.

Kisha huja albamu. Mwimbaji mashuhuri, mwenye studio na fedha, hausikilizi wimbo wa bibi. Husikiliza sahani ya Ulaya au ya Marekani, huiga vyombo vyake, huzinyosha noti zilizokuwa zimepindishwa kwa akili, hurudisha uzito mwisho wa mstari, huongeza kengele za farasi wasiokuwako, na hutuuzia kwa jina la jadi. Mwaka ufuatao kijana wa kwaya, mwenye albamu hiyo katika simu yake, humcheka bibi kwamba amekosea wimbo. Hapo ndipo ubaya ulipo, nami sioni neno jepesi kuliko hilo. Miaka mia moja ya kazi ya watu wengi hufutwa na alasiri tatu za studio, na anayefutwa ndiye huambiwa hajui.

Nilisema nitaurudia wimbo wa tisa. Mary's Boy Child ulitungwa na Jester Hairston, Mmarekani mweusi, mjukuu wa watumwa. Kwanza aliutunga mahadhi yake kwa maneno mengine, kwa sikukuu ya kuzaliwa ya rafiki, katika mwendo wa kalipso ya visiwa vya Karibi. Baadaye alipotakiwa wimbo wa Noeli, akayavika mahadhi yale habari ya Bethlehemu. Harry Belafonte akauimba mwaka 1956, na mwaka 1978 Boney M. wakaurudia kwa namna ambayo hakuna arusi wala duka la nguo Afrika Mashariki ambalo halikuusikia. Na mwaka 1981 wakatoa albamu nzima ya Krismasi. (Aliyesimamia kazi hiyo, Frank Farian, alikuwa Mjerumani, na sauti nene ya kiume ambayo watu walidhani ni ya yule kijana mchezaji ilikuwa ya Farian mwenyewe. Biashara ya santuri ina miujiza yake.) Walakini wanawake waliouimba walitoka Karibi, na wimbo ule una mwendo wa miguu ya watu. Angalieni watoto wa Tabora katika mwezi wa Desemba: Stille Nacht huusikiliza, lakini huu huucheza. Katika nyimbo zote za sahani zile, uliotuingia mwilini ni ule ambao mjukuu wa watumwa aliutwaa uzazi wa Kristo akauweka juu ya ngoma ya watu wake. Waimbaji wetu wameuiga wimbo wake. Laiti wangeliiga kitendo chake.

Na kitendo hicho si kigeni katika njia yetu. Tangu miaka ya 1930 zilienea katika Afrika sahani zenye alama ya GV, zilizojaa muziki wa Kuba. Vijana wa Tabora walizisikiliza kama vijana wa kwingineko. Je, walitoa albamu za nyimbo za jadi za Kuba kwa Kispania kibovu? Kiko Kids chini ya Salum Zahoro, na Tabora Jazz baada yao, waliuchukua ule mwendo, wakauvika Kiswahili chenye mkazo wake, wakaimba habari za watu wa hapa. Dada Asha, utunzi wa Shem Karenga, haumkumbushi mtu Havana, hata kama magitaa yake yana babu huko. Kwa nini uhodari ule tuliouonyesha katika dansi hutukimbia tufikapo mlangoni pa kanisa?

Waislamu wa mji huo huo hawakungoja kuulizwa. Maulidi ya Barzanji ni kitabu cha Kiarabu, kilichotungwa na mwanachuoni wa Madina katika karne ya 18, na huko Tabora husomwa kwa Kiarabu hadi leo. Lakini kukizunguka kitabu hicho pameota kasida za Kiswahili, dufu, na namna ya kuitikia ambayo mtu wa Madina angeshangaa kuisikia. Kiini kimehifadhiwa, na majani ni ya hapa. Mkristo wa Tabora, ambaye mara nyingi ni ndugu wa damu wa huyo Mwislamu, amekuwa akiisikia sherehe ya uzazi mtukufu kwa mizani ya Kiswahili dirishani pa jirani yake maisha yake yote. Kisha huwasha redio apate kuambiwa jadi ya uzazi mtukufu ni theluji.

Wakatoliki wa Katanga nao walionyesha jambo. Msifikiri nimeruka mbali: Msiri, aliyeanzisha dola ya Garenganze, alikuwa mtoto wa Usumbwa katika Unyamwezi ya magharibi, na njia ya misafara ilimfikisha huko na watu wake. Katika Katanga hiyo, mjini Kamina, mwaka 1958 iliimbwa Missa Luba, chini ya padre Mbelgiji Guido Haazen. Maneno ni ya Kilatini, neno kwa neno. Uimbaji ni wa Waluba na jirani zao, wa kutoa na kupokea, na sehemu kubwa yake iliundwa katika kuimba. Sahani hiyo ilizunguka ulimwengu. Haikuhitaji kengele za farasi.

Na kama mtu atasema kwamba hayo yaliongozwa na padre wa Ulaya, basi tuje nyumbani. Bernard Kyamanywa, mchungaji Mlutheri wa Bukoba, katika miaka ya 1960 alitunga wimbo wa Pasaka Mfurahini, Haleluya, kwa mahadhi ya kwao. Leo Wajerumani huuimba kwa lugha yao, umo katika kitabu chao cha nyimbo kwa nambari 116, na Wamarekani huuimba kwa yao. Mzigo umekwenda pwani ukavuka bahari, badala ya kuja. Wajerumani walipoupokea hawakuuita wimbo wa kigeni wa kufutwa, wala hawakuimba Kiswahili wasichokijua. Waliufanyia kazi ukawakaa mdomoni. Pasaka basi tunayo hazina iliyotoka kwetu. Noeli yetu ingali inasubiri wimbo wa namna hiyo utokao katika nchi ya misafara, si kwa kukosa watungaji, ila kwa kukosa watu wa kuwasikiliza.

Maana watungaji wapo. Ye yote aliyekaa katika parokia ya Tabora au usharika wa Wamoravian ajua kwamba mwalimu wa kwaya hutunga. Ana daftari lenye nyimbo zake, zimeandikwa kwa herufi za do-re-mi kwa kalamu ya wino wa buluu, na nyingine ni za Noeli. Nyingi ni za kawaida, kama zilivyo nyingi za kila nchi. Chache ni nzuri mno. Huimbwa mkesha mmoja, husifiwa na Paroko, kisha daftari hurudi kabatini pamoja na panya. Mwimbaji mashuhuri atokaye mji huo huo, pengine aliyefunzwa kuimba na mwalimu huyo huyo, huenda Dar es Salaam kurekodi wimbo wa Oberndorf kwa mara ya elfu. Wengine husema nyimbo za zamani hazilipiwi chochote, kwa kuwa watungaji wake walikufa zamani, na hiyo ndiyo siri ya mapenzi haya makubwa ya jadi. Kama ni hivyo, basi tuseme wazi kwamba tunaongea habari ya bei, tuache kuwasingizia mababu.

Na asiyetaka daftari la mwalimu, yupo Julius Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye kufundisha huko katika shule ya Mtakatifu Maria kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Mzee huyo, baada ya kuacha madaraka, aliziandika Injili zote nne kwa utenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Habari ya Luka ya hori na wachungaji imo humo, silabi nane kwa nane, mkazo mahali pake, tayari kwa mtu mwenye mahadhi. Zimepita karibu miaka thelathini. Sahani za kengele nimezisikia kila Desemba. Huo utenzi kinywani mwa mwimbaji mashuhuri sijausikia.

Kwa hiyo nataka jambo dogo, lisilohitaji kamati. Mwimbaji wetu atakayetoa albamu ya Noeli mwaka ujao aache nyimbo kumi za sahani za wengine, achukue mbili au tatu ambazo waumini wa kwao wamekwisha kuzipinda zikanyoka, aziimbe kama wao waziimbavyo, na noti zao ndogo ndogo zote. Zilizobaki aende akazitafute katika madaftari ya walimu wa kwaya kuanzia Tabora hadi Kigoma, amlipe kila mtungaji haki yake kabla ya kurekodi, na jina la mtungaji aliandike kwenye jalada. Si nyuma kwa herufi za sisimizi, bali mbele, pale ambapo sasa pameandikwa "za jadi".